Taj Mahal kwa siku moja: alfajiri, mchana au jioni?

Mtoto wa Pangani
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Delhi na mama, tumemaliza matibabu na daktari ameturuhusu kusafiri. Kabla ya kurudi nyumbani mama anataka kuiona Taj Mahal. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda sebuleni kwetu tangu niko mdogo. Tuna siku moja tu, katikati ya Januari. Mama anatembea, ila anachoka upesi. Twende saa ngapi?

Kamera Begani
Alfajiri, mkuu. Geti hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza na watu ni wachache. Mimi nilikwenda Machi. Ile marumaru ya Makrana hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo rangi huingia ndani ya jiwe: ilianza kijivu, ikaja waridi, ikaishia nyeupe ya maziwa. Halafu lango kuu limenakshiwa Surat al-Fajr. Kupita chini ya aya zile alfajiri yenyewe, miguu ilinigoma nikabaki nimesimama.

Bi Nyali
Ndugu yangu, Machi si Januari. Sisi tulikwenda Januari, tukalala Agra, mji ilipo Taj, makusudi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko kwenye foleni. Ukungu mtupu! Jengo lina mita 73 kwenda juu na hatukuona hata kuba. Tiketi ni ya masaa matatu. Yetu ilikuwa inakaribia kwisha ndipo mnara wa kwanza ulipojitokeza. Na baridi ile si ya mtu aliyetoka hospitali.

Mpenda Mto
Jioni msiitegemee mkiwa ndani, maana watu hutolewa nusu saa kabla ya jua kuzama. Machweo yanatazamwa ng'ambo ya Yamuna, bustani ya Mehtab Bagh. Unaiona kwa nyuma, mto uko katikati, kimya. Usiku wa mbalamwezi upo pia, siku tano kila mwezi unapokuwa mpevu, isipokuwa Ijumaa na Ramadhani. Lakini ni nusu saa tu, kwa makundi ya watu 50, na mnasimama mbali na kaburi. Kwa mama sishauri.

Bi Nyali
Basi mimi nasema mchana, na nina sababu. Watu wanauogopa mchana kwa joto la Mei, jiwe linachoma macho. Januari jua linapita chini upande wa kusini, na uso wa Taj unatazama kusini. Saa tano hadi saa nane mwanga unaipiga usoni moja kwa moja. Pandeni treni ya Gatimaan kutoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin, inaondoka saa mbili na kitu asubuhi, saa nne kasoro mko Agra. Isiwe Ijumaa tu, wageni hawaingii. Magari ya mafuta hayafiki getini. Upande wa mashariki kuna vigari vya betri, mpandishe mama.

Mtoto wa Pangani
Na ndani ya kaburi, anaweza?

Bi Nyali
Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100, na 200 zaidi kwa kuingia kaburini. Kuna ngazi, apande taratibu. Akichoka, benchi za bustanini zinatosha, ataiona yote.

Mtoto wa Pangani
Tumerudi, wakuu. Asubuhi treni ilikata ukungu njia nzima, nikaanza kukata tamaa. Saa tano ukafunguka na jengo lote likawaka jeupe. Mama alipanda ngazi zote. Nilimweleza kwamba Mumtaz, malkia aliyejengewa kaburi hilo, alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe alikuwa mzazi." Akainua mikono akamsomea Fatiha. Bi Nyali, anakusalimu sana.