Eurovision Vienna 2026: tununue tiketi ya fainali, ya nusu fainali au ya usiku wa majaji?

MwanaKibokoni

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Hamburg kwa mwaka wa saba sasa, na kila mwezi wa Mei huketi mbele ya televisheni na majirani zangu kutazama Shindano la Nyimbo la Eurovision, ambalo nchi, nyingi zikiwa za Ulaya, hushindana kwa nyimbo, mpaka saa saba usiku. Baada ya JJ wa Austria kushinda huko Basel, Uswisi, mwaka 2025, shindano la 70 litafanyika Vienna, katika ukumbi wa Wiener Stadthalle: nusu fainali tarehe 12 na 14 Mei 2026, na fainali Jumamosi ya tarehe 16. Nimeazimia kwamba safari hii nitakuwa ndani ya ukumbi. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa muziki Mombasa, angependa tuwe pamoja.

Tatizo ni fedha. Nina akiba inayotosha ama tiketi mbili za fainali za viti vya nyuma kabisa, ama tiketi za onyesho jingine na masazo ya kulipia malazi mazuri. Nimesoma kwamba kuna maonyesho yanayoitwa ya majaji, lakini sielewi ni mazoezi tu au ni shindano lenyewe. Pia ningependa kujua kuhusu viza ya mdogo wangu, na kama mtu anaweza kuingia na bendera ya Kenya ijapokuwa Kenya haishiriki. Naomba majibu ya waliofika, si ya waliosikia.

Mvuka_Öresund

Wa aleikum salaam, dada. Nilihudhuria Malmö, Sweden, mwaka 2024, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Kwanza fahamu kwamba tiketi zinazouzwa ni za maonyesho tisa, si matatu. Kila moja kati ya nusu fainali mbili na fainali hufanywa mara tatu mbele ya watazamaji: jioni ya siku iliyotangulia, mchana wa siku yenyewe, na usiku ambapo matangazo hurushwa mubashara. Onyesho la jioni iliyotangulia fainali, yaani la Ijumaa, ndilo watu wanaloliita usiku wa majaji, kwa sababu majaji wa kila nchi hutoa alama zao kwa kutazama onyesho hilo, wala si lile la Jumamosi. Kwa hiyo mwimbaji anayelegea Ijumaa kwa kudhani kwamba anafanya mazoezi amekwisha kupoteza alama za majaji kabla watazamaji wa nyumbani hawajamwona. Waimbaji wanalijua hilo, nawe utaliona katika nyuso zao.

Mimi nilinunua tiketi ya Ijumaa kwa sababu ya fainali ilinishinda bei, na sijutii. Nilisimama karibu na jukwaa, na jambo ambalo televisheni haikunionyesha hata siku moja ni kazi inayofanyika kati ya wimbo na wimbo. Nyumbani tunaonyeshwa filamu fupi ya kumtambulisha mwimbaji anayefuata, ambayo haifiki hata dakika moja. Ukumbini, wakati huo taa huzimwa na vijana waliovaa nguo nyeusi hukimbia jukwaani wakisukuma ngazi na majukwaa madogo yenye magurudumu, huku wengine wakipiga mafagio kuondoa vipande vya karatasi vya wimbo uliopita. Mmoja hupiga goti na kuelekeza tochi kwenye alama iliyobandikwa sakafuni, mwimbaji akasimama hapo hapo, kijana akatoweka, na taa zikawaka. Nemo wa Uswisi, ambaye hatimaye alishinda, aliimba akiwa juu ya sahani kubwa inayozunguka na kuinama upande mmoja. Kwenye skrini sahani ile ilionekana kama mchezo wa watoto, lakini kutoka pale nilipokuwa nilisahau wimbo kwa kuihofia miguu yake.

Sharti ujitayarishe kwa jambo moja. Katika maonyesho haya ya mazoezi matokeo yanayotangazwa mwishoni ni ya kubuni. Watangazaji husoma alama, ubao hupanda na kushuka, na “mshindi” hutangazwa, lakini yote ni kwa ajili ya kujaribu mitambo. Mimi, kwa ujinga wangu, nilimpigia mke wangu simu nikiwa nimejaa furaha, naye akaniuliza kwa upole imekuwaje shindano la Jumamosi likaisha Ijumaa.

Usiku ule pia mwakilishi wa Uholanzi hakupanda jukwaani, na kesho yake tukasikia ameondolewa mashindanoni. Mjini kulikuwa na maandamano makubwa kuhusu ushiriki wa Israel, na polisi waliletwa hata kutoka Denmark na Norway. Basi usifikiri kwamba utafika mlangoni dakika kumi kabla ya onyesho kuanza. Mimi nilifika saa mbili kabla, nikaingia bila kubaki na muda wowote wa ziada.

Bi_Mkubwa_wa_Rhein

Mwanangu MwanaKibokoni, nimelisoma swali lako la bendera nikacheka, kwa sababu limenirudisha Düsseldorf mwaka 2011.

Vijana wengi humu hamjui kwamba Kiswahili kimekwisha kuimbwa Eurovision. Mwaka ule Norway iliwakilishwa na Stella Mwangi, binti aliyezaliwa Nairobi akahamia Norway na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, na wimbo wake uliitwa “Haba Haba”, ukiwa na maneno ya Kiswahili katika kiitikio. Ilikuwa mara ya kwanza kwa lugha yetu kusikika katika shindano lile. Mimi naishi mwendo wa nusu saa kutoka uwanja uliotumika, ambao ni uwanja wa mpira uliogeuzwa ukumbi, nikanunua tiketi ya nusu fainali ya kwanza, tarehe 10 Mei, bila kujua chochote kuhusu shindano lenyewe.

Sikuwa na bendera. Nilijifunga leso moja na nyingine nikajitanda, na jina la ile ya kujitanda lilikuwa “Haba na haba hujaza kibaba”. Niliitafuta makusudi sandukuni, maana ilikuwa ya marehemu mama yangu. Mstari wa mbele yangu walikuwa wamekaa vijana wawili wa Norway waliojichora bendera mashavuni. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza maandishi yale yanasemaje. Nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akamshika mwenzake bega, kisha wote wawili wakanisimamisha nipigwe picha na leso ile kama kwamba mimi ndiye mwakilishi. Wakauliza kibaba ni nini. Nikaeleza kwamba ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi. Mpaka leo nadhani hao ndio Wanorwe wawili pekee wanaojua pishi.

Stella aliimba wa pili usiku ule, jambo ambalo si bahati, kwa sababu watu husahau walioimba mwanzo. Ukumbi ulimwitikia, na mimi niliimba mpaka sauti ikakauka. Kisha yakaja majina ya nchi kumi zinazoingia fainali, yakisomwa moja moja, na kila jina lilipotajwa vijana wale walizidi kushikana mikono. La kumi likasomwa, na Norway haikuwamo. Baadaye tulipata kujua kwamba ilikuwa ya 17 kati ya nchi 19. Watu wengi walilia kuliko nilivyotarajia kwa jambo la nyimbo, nami nikiwa mmoja wao.

Ninakwambia haya kwa sababu unauliza tiketi ipi. Nusu fainali ndiyo yenye maumivu ya kweli, kwa kuwa pale nchi hutolewa mbele ya macho yako. Katika fainali kila mtu amekwisha kufika, na aliyekuwa wa 25 hupunga mkono tu. Na kuhusu bendera, chukua leso. Leso si bendera ya nchi yoyote, hakuna bawabu atakayekuuliza kitu, na ukisikia baridi nje ya ukumbi utajifunika.

Mvuka_Öresund

Bi Mkubwa, shikamoo. Naunga mkono suala la leso kwa sababu ya sheria. Malmö bendera zilizoruhusiwa zilikuwa za nchi zinazoshiriki pamoja na ile ya upinde wa mvua, basi. Rafiki yangu Mtanzania aliiacha yake hotelini baada ya kusoma masharti. Basel watazamaji walilegezewa. Hili hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma masharti ya Vienna kabla ya kufunga sanduku, pamoja na kipengele cha ukubwa wa mikoba, ambacho watu hukidharau kisha wakajikuta wanatafuta pa kuhifadhi mizigo dakika za mwisho.

Karani_wa_Safari

Nitajibu la viza tu, kwa ufupi. Mdogo wako anahitaji viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani na Austria zikiwamo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Nakushauri asikaribie hata kidogo ukomo huo wa pili, kwa sababu miadi huwa adimu. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Atahitaji pia bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Jambo ambalo wengi hulikosea ni ubalozi wa kuomba. Si lazima uwe wa Austria kwa kuwa shindano liko Austria. Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, na safari ikiwa na shabaha moja tu ya matembezi, huangaliwa ni wapi atakaa siku nyingi zaidi. Akija kwako Hamburg wiki tatu na kwenda Vienna siku nne, basi ni Ujerumani, nawe utaweza kumwandikia udhamini rasmi katika ofisi ya wageni ya huko unakoishi. Usinunue tiketi yake ya ndege isiyorejeshwa kabla ya viza kutoka. La tiketi ya ukumbi halina jinsi, itakubidi ubahatishe.

Fundi_Taa

Samahani kwa kupinga. Mimi hufunga taa katika majumba ya maonyesho, nilikuwa Liverpool mwaka 2023, na maoni yangu ni kwamba ukumbini si mahali pazuri pa kutazamia shindano hili. Onyesho limetengenezwa kwa ajili ya kamera. Picha unayoipenda nyumbani, ile ambapo mwimbaji anaonekana akielea katikati ya nyota, inaonekana kutoka sehemu moja tu, nayo ni pale kamera ilipo. Waliosimama mbele huona mkono wa kreni ukipita juu ya vichwa vyao na milingoti ya bendera za waliowatangulia. Zaidi ya hayo, vyombo vyote vya muziki ni vya kurekodiwa, ila sauti ya mwimbaji mkuu ndiyo hai. Mwalimu wa muziki anayetarajia kusikia bendi atavunjika moyo, kwa hiyo mwambie mapema.

Bei nayo si ya mchezo. Liverpool tiketi zilikuwa kati ya pauni 30 za mazoezi na pauni 380 za fainali, na za fainali ziliisha kwa dakika 36. Nilizipata za mchana, na mchana ule nilifurahi, siwezi kukana. Lakini usiku wa fainali nilikuwa nje pamoja na maelfu ya watu kwenye kijiji cha mashabiki kando ya mto Mersey, mbele ya skrini kubwa, na huko ndiko nilikojua kwamba Loreen wa Sweden ameshinda mara ya pili, baada ya ushindi wake wa 2012. Vienna ilipoandaa mwaka 2015, kijiji cha namna hiyo kilikuwa kwenye uwanja ulio mbele ya Rathaus, yaani jumba la serikali ya mji, katikati ya mji. Basi usiku wa Jumamosi hamtakosa pa kwenda hata bila tiketi.

Kama mtanunua, nunueni kwa muuzaji rasmi tu na mjisajili mapema iwapo watadai usajili, kama walivyofanya Basel. Walanguzi ni wengi. Njia nyingine ni kujiunga na klabu ya mashabiki iliyo chini ya OGAE, mtandao ulioanzishwa Finland mwaka 1984, kwa kuwa wanachama hutengewa fungu lao la tiketi.

Na kwa walioko Mombasa: tangu 2023 watu wa nchi zisizoshiriki nao hupiga kura kupitia intaneti, na kura zao zote za dunia hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja. Jamaa wa Kibokoni mwenye kadi ya benki anaweza kumpigia kura amtakaye.

Mkaazi_wa_Mtaa_wa_15

Ninaishi Vienna, nyuma tu ya Stadthalle. Shukeni kituo cha Burggasse-Stadthalle kwenye njia ya U6, kituo kimoja kutoka Westbahnhof. Usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili treni za chini ya ardhi hufanya kazi usiku kucha, kwa hiyo fainali haina shida ya usafiri, lakini Jumanne na Alhamisi hazikeshi. Hoteli zikiwa ghali, Bratislava iko kama saa moja kwa treni, ila tazameni kwanza treni ya mwisho ya kurudi ni ya saa ngapi. Tena Alhamisi ya tarehe 14 ni sikukuu ya Kupaa, na maduka ya vyakula hufungwa. Nunueni mkate Jumatano.

MwanaKibokoni

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni nyote. Nimezungumza na mdogo wangu jana usiku, nikamsomea majibu yenu neno kwa neno. Habari ya vyombo vya kurekodiwa ilimkasirisha kwa dakika kama tano hivi, kisha akauliza kama vijana wa mafagio wanaonekana kutoka viti vya pembeni. Tumekubaliana kujaribu kupata tiketi za nusu fainali ya Jumanne na za usiku wa majaji, na Jumamosi tutakuwa nje mbele ya skrini. Maombi ya viza tutayapeleka ubalozi wa Ujerumani, Nairobi, mwezi huu wa Novemba.

Leso ataileta yeye. Ameniomba nikuulize, Bi Mkubwa, kama ile ya marehemu mama yako ilikuwa na mji wa rangi gani, maana amekwenda Biashara Street leo asubuhi na jina hilo amelikuta kwenye leso tatu tofauti.