MJADALA: Hospitali isiyopima lakteti ina wagonjwa wangapi wa shoki ya sepsisi?

Karani wa Rekodi
Salaam wakubwa, nina jambo limetukalia shingoni ofisini wiki mbili sasa. Tuliambiwa tupitie mafaili ya wodi ya watu wazima ya miezi mitatu tutoe idadi ya waliopata shoki ya sepsisi (maambukizi yakivuruga mwili mpaka presha inashuka na damu haifiki vizuri viungoni) na wangapi walihudumiwa kwa wakati, eti hospitali ianze kuripoti ubora. Hospitali siitaji, ni huku mashariki mwa Uganda. Mimi nikapata 4. Dada tunayekaa naye meza moja akapitia mafaili yale yale akapata 19. Hakuna aliyelewa hapo. Yeye kahesabu kila mwenye homa aliyeandikwa presha chini ya 90 hata mara moja, mimi nimefuata karatasi tuliyopewa semina.

Karatasi yenyewe ukiisoma vizuri ni ile SEP-1 ya Marekani, ile bima ya afya ya serikali yao, Medicare, inaitumia kupima hospitali tangu Oktoba 2015. Humo, kama daktari hakuandika mwenyewe kwamba ni shoki, mgonjwa mwenye sepsisi kali anaingia kwenye shoki kwa mlango mmoja kati ya miwili. Ama lakteti ya kwanza (asidi inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni) ifike 4, ama presha ibaki chini baada ya kumaliza maji mililita 30 kwa kila kilo, na hiyo "kubaki chini" wameifafanua, ndani ya lisaa limoja baada ya maji kuisha zipatikane presha mbili zinazofuatana zote mbaya. Sasa sisi lakteti hatupimi. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 1.8 lakini kwenye faili imeandikwa "dripu imewekwa" basi, ngapi hujui, imeisha saa ngapi hujui, na presha inayofuata ni ya kesho yake kwenye raundi. Kwa hiyo kwa kigezo hiki mgonjwa wetu karibu hawezi kupata shoki hata akitaka, hata yule aliyekufa mikono na miguu baridi kama chupa ya soda.

Nauliza: je hospitali za Uganda zipimwe kwa hiki? Mimi nasema hapana, maana kigezo kinachosubiri kipimo na maji kinahesabu stoo yetu, wagonjwa hakiwaoni. Mwenye mashine ataonekana ana shoki nyingi na vifo vingi, sisi tusiopima tutaonekana malaika.

Dokta wa Milimani
Karani umeuliza vizuri lakini jibu lako silikubali. Kwanza jua kwamba hiyo karatasi hata wenyewe wanagombana nayo. Mwaka 2016 walitoa fasili mpya inaitwa Sepsis-3, shoki humo ni mtu ambaye amepewa maji ya kutosha na bado anahitaji dawa ya kupandisha presha ili wastani wa presha yake ufike 65 NA lakteti yake imepita 2. Vyote viwili. Wa namna hiyo zaidi ya 40% wanafia hospitali. Medicare wakabaki na fasili ya zamani, kwa hiyo mgonjwa mwenye lakteti 4.2 na presha nzuri kwa watafiti hana shoki, kwa wahesabuji anayo. Sasa kama hao wana fasili mbili, 4 na 19 zenu zisiwashangaze.

Ila kukataa kupima ndiyo naogopa. Kule New York mtoto wa miaka 12 Rory Staunton alikufa kwa sepsisi 2012 baada ya kurudishwa nyumbani, wazazi wakapiga kelele mpaka 2013 jimbo likalazimisha kila hospitali iwe na utaratibu na iripoti. Ripoti hizo ndizo zilizotoa utafiti wa 2017, wagonjwa 49,331, hospitali 149, wakaona kila lisaa la kuchelewa kumaliza huduma za kwanza (kupima damu na kuanza antibayotiki) uwezekano wa kufa unapanda kama 4%. Bila kuhesabu wangejuaje? Huku kwetu kisichohesabiwa hakiombewi hela. Andika sifuri za lakteti miaka miwili, peleka wizarani, ndiyo utanunuliwa mashine.

Nesi wa Usiku
Dokta kwa heshima yako yote, wewe umekaa wodini usiku lini mara ya mwisho? Mimi niko na wagonjwa wodi nzima peke yangu na mwanafunzi mmoja anayesinzia, mashine ya presha ni moja na ile kitambaa chake kinavuja hewa. Presha mbili ndani ya lisaa limoja kwa mgonjwa mmoja. Banange.

Na mkianza kutupa alama kwa hizo presha nitawaambia kitakachotokea, maana tumeshakiona. Zitaandikwa. Zote 110/70. Mimi nimewahi kufungua faili la marehemu nikakuta presha safi kabisa imeandikwa muda ambao atendanti wake, ndugu aliyekuwa anamuuguza, tayari alikuwa analia koridoni.

Halafu saa! Hakuna anayesema habari ya saa. Mmoja anaandika 2 akimaanisha saa mbili usiku, mwingine anaandika 20:00, yule intaani, daktari mwanafunzi, kutoka Kampala anaandika 8pm, ni wakati ule ule. Karani akija kuhesabu kutoka dalili mpaka dawa anapata masaa 6 ya kuchelewa ambayo hayakuwepo, au dawa imetolewa kabla mgonjwa hajafika. Na kigezo chote hicho kinaning'inia kwenye saa ya mwanzo.

Karani wa Rekodi
Sista hilo la saa ni kweli tupu, kuna faili moja mgonjwa alipewa antibayotiki ya seftriaksoni masaa manne kabla ya kuandikishwa getini 😂 tukacheka halafu tukanyamaza.

Mwana Teso
Mimi hoja yangu ni maji. Hicho kigezo kinakupa alama kwa kumwaga maji, mililita 30 kwa kilo, usipofikisha umefeli, na SEP-1 ni yote au sifuri, ukikosa kimoja umekosa vyote. Siku hizi wanaruhusu daktari aandike sababu ya kutoa machache lakini lazima aandike, na nani huku anaandika sababu?

Sasa watu wa Uganda ndio wa kwanza kutakiwa kuuliza hapa, kwa sababu utafiti unaoitwa FEAST ulifanyika kwetu. Mulago, Mbale, Soroti, Lacor, pamoja na Kilifi kule Kenya na Teule Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, wengine wakapewa maji ya haraka wengine wakapewa polepole tu. Ndani ya masaa 48 waliopewa ya haraka walikufa 10.5% na zaidi kidogo, wasiopewa 7.3%. Ilitoka 2011, ikashangaza dunia nzima. Leo tunaletewa karatasi inayosema usipomwaga umefeli!

Dokta wa Milimani
Ndugu yangu usichanganye, FEAST ni watoto, wengi wana malaria na upungufu wa damu, na waliokuwa wanaharisha hawakuingizwa. SEP-1 ni kuanzia miaka 18.

Mwana Teso
Sawa mkubwa, twende kwa watu wazima basi. Lusaka, Zambia, matokeo yalitoka 2017. Watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wana virusi vya Ukimwi, hali ambayo wodi zetu pia zinaijua. Waliofuata utaratibu wa maji mapema na dawa ya presha walipata kama lita 3.5 kwenye masaa 6, wengine wa kawaida lita 2. Vifo: 48.1% kwa utaratibu, 33.0% kwa kawaida. Hospitali iliyofuata karatasi ingepata alama nzuri na maiti zaidi. Na huo utafiti wako wa New York ulioutaja mwenyewe, rudi uusome, antibayotiki mapema zilisaidia, kuwahi kumaliza maji hakukuonyesha tofauti.

Dokta wa Milimani
Hapo umenibana kidogo nakubali, lakini wodi ya Lusaka haikuwa na mashine za kupumulia karibu, mapafu yakijaa maji hakuna pa kwenda. Na tusisahau wa kwetu, Mulago na Masaka. Mwaka 2006 waliwafuatilia wagonjwa wa sepsisi kali kwa huduma ya kawaida, baadaye 2008 na 2009 wakaweka daktari wa kukaa na mgonjwa masaa 6 ya kwanza, ampe maji, ampe antibayotiki, amwangalie. Vifo vya siku 30 vikashuka kutoka 45.7% mpaka 33.0%. Maji yalikuwepo na watu walipona.

Nesi wa Usiku
Maji yalikuwepo na MTU alikuwepo dokta. Umeisema mwenyewe ukaipita. Daktari amekaa pale masaa sita. Hicho ndicho kipimo, nipeni mtu nitawapa namba nzuri.

Mtoto wa Busia
Mimi si musawo, si mtu wa tiba, ni mfanyabiashara tu mpakani, nimesoma yote haya na bando langu linaisha. Mama yangu alikufa mwaka juzi, waliandika sepsisi. Tulifika asubuhi, saa tatu hivi, akaandikiwa dawa saa nne, hawakuwa nayo, nikapewa karatasi nikanunue nje, nikachukua boda, famasi ya kwanza hawana, ya pili wanayo lakini hela yangu haitoshi nikapiga simu kwa kaka atume, nikarudi saa nane. Sasa nyinyi mnaohesabu, kwenye faili mama yangu alicheleweshwa au hakucheleweshwa? Maana daktari aliandika mapema kabisa, na mimi simlaumu.

Hiyo lakteti yenu iwe 2 iwe 4 mimi sijui. Nataka kujua hospitali gani mzazi akifika na homa anapata sindano ya kwanza baada ya muda gani. Hilo mbona haliwekwi ukutani?

Karani wa Rekodi
Pole sana kaka. Na jibu la ukweli ni kwamba kwenye hesabu yangu mama angeonekana amehudumiwa ndani ya masaa 3, kwa sababu nilichukua saa ya kuandikiwa, saa ya sindano yenyewe mara nyingi haipo. Nitarudia hiyo sehemu.

Mtu wa Takwimu Wilayani
Nimechelewa lakini nichangie kwa upande wa mfumo. Ripoti ya wodi inakwenda kila mwezi kwenye fomu 108 halafu DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na humo ukiacha safu tupu mtu wa juu anasoma sifuri. Hapo ndipo Karani ana haki kabisa, "hatukupima" na "hatukuwa nao" vinakuwa kitu kimoja. Mimi ningeweka safu tatu: shoki iliyothibitika kwa vipimo, shoki ya kudhaniwa kwa macho na mikono, na HAIKUPIMWA. Hiyo ya tatu ndiyo ya kusoma kwanza.

Ya kudhaniwa si ya kudharau. Kuna utafiti wa Amerika Kusini wa 2019, ANDROMEDA, wagonjwa 424 wa shoki ya sepsisi, upande mmoja waliongozwa na lakteti, upande mwingine wanabonyeza kidole sekunde 10 na kuhesabu damu inarudi baada ya sekunde ngapi, ikipita 3 ni mbaya. Vifo vya siku 28 vilikuwa 43.4% kwa lakteti na 34.9% kwa kidole, kitakwimu tofauti haikutosha kusema kidole ni bora, lakini hakuna anayeweza kusema ni kibaya zaidi. Kidole hakiishi stoo.

Kitu ninachopinga ni kupanga hospitali ya kwanza mpaka ya mwisho. Vifo vya akina mama tunaviripoti ndani ya masaa 24 na kuvikalia kikao ndani ya siku 7, na kifo hakihitaji maabara kukithibitisha, ila siku utakapotoa zawadi kwa mwenye vifo vichache ndiyo siku rufaa za usiku zitaongezeka, mgonjwa akafie mbele kwa wenzako.

Dokta wa Milimani
Hiyo safu ya tatu naichukua. Lakini lakteti bado naitaka, kuna wagonjwa presha inakudanganya, inasoma 100 huku ndani mtu ameshaisha. Kidole nacho kwa ngozi nyeusi, kwenye taa ya wodi zetu usiku, sijui Karani kama umejaribu.

Nesi wa Usiku
Mimi nimejaribu, kwa tochi ya simu. Na hiyo HAIKUPIMWA mzee wa takwimu naiona nzuri kwenu huko juu, huku chini inchaji, msimamizi wa wodi, ataisoma kama jina langu. Muandike na pembeni usiku huo nesi walikuwa wangapi na wagonjwa wangapi, hapo nitaijaza mwenyewe kwa mkono wangu.

Mtu wa Takwimu Wilayani
Sista hilo fomu haina sehemu, lakini sehemu ya maelezo chini ipo, hakuna anayeitumia.

Karani wa Rekodi
Basi sikilizeni nitakavyofanya. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Leo na dada yangu wa meza tumerudia mafaili yote pamoja. Natuma 4 naandika kwa kigezo gani, natuma 19 naandika kwa kigezo gani, na kwenye maelezo naandika kwamba mafaili mengi ya wenye homa na presha ya chini hayana presha ya pili ndani ya masaa sita, pamoja na orodha ya zamu za usiku bila majina. Safu ya saa ya dawa nimeigawa mara mbili, saa ya kuandikiwa na saa ya sindano, ya pili imejaa kwa wagonjwa 7 tu.

Bosi ameshaniuliza kwa nini ripoti ina namba mbili, nimemwambia aje aketi na sisi achague faili moja tu ahesabu mwenyewe. Amesema atakuja Alhamisi mchana, saa nane. Nimemuuliza nane ipi.