Sukari tangu wiki 7, sasa mwaka umepita hakai: naombeni ushauri

Mama_Twaha: Shikamooni wakubwa, wengine habari za usiku. Mwanangu ana mwaka na miezi 2. Aligundulika na sukari akiwa na wiki 7, tukaanzishiwa insulini. Shingo kakaza na miezi 9, mpaka leo hakai bila kuzungushiwa mito, ukimwita hageuki. Juzi kapata degedege bila homa. Bibi yake anasema kapitiwa na ndege, twende kwa fundi. Hospitali niliambiwa sukari na kuchelewa ni mambo mawili tofauti. Kweli?

Kijukuu_Pwani: Pole dada. Mpe muda tu, wangu alitembea na miaka 2.

Dkt_Mstaafu: Huyu si wa kusubiri. Sukari inayoanza kabla ya miezi 6 mara nyingi si ile ya kawaida ya watoto, ni ya jeni. Sina hakika bila kipimo, lakini nawaza KCNJ11. Jeni hiyo hutengeneza mlango wa potasiamu kwenye seli za kongosho. Mtu akila, mlango hujifunga, na hapo ndipo insulini inatoka. Kwa watoto wenye hitilafu kwenye jeni hiyo mlango umegoma kufunga: insulini imejaa ndani, haitoki. Mlango huohuo uko kwenye ubongo na misuli. Ukibaki wazi, seli inakuwa nzito kushtuka, ndiyo ulegevu na akili kuchelewa, na kifafa juu yake. Vikikutana vyote na sukari ya uchanga huitwa DEND, kifupi cha Kiingereza cha mambo hayo: kuchelewa ukuaji, kifafa na sukari ya uchanga.

Lulu_Tanga: Kwa hiyo insulini haimsaidii?

Dkt_Mstaafu: Inashusha sukari, mlango hauugusi. Kinachoufunga ni glibenklamidi, vidonge vilevile vya sukari vya wazee wetu. Ripoti ya 2006 ilihusu wagonjwa 49 wenye hitilafu ya jeni hii; 44 waliacha sindano. Ubongo hufaidika kidogo kuliko sukari, na wanaowahi ndio hupata zaidi.

Mama_Twaha: Jamani, mama mkwe anavyo kabatini!

Dkt_Mstaafu: Viache humohumo! Sukari ikiporomoka usiku utampoteza. Dawa hii huanzishwa wodini, anapimwa kila mara. Kwanza jeni: maabara ya Exeter, Uingereza, hupima bure waliogundulika kabla ya miezi 9, daktari wenu ndiye anayetuma damu. Na usijilaumu, mara nyingi hitilafu hiyo huanzia kwa mtoto mwenyewe.

Mama_Twaha: Kliniki Jumatano. Nimeandika KCNJ11 nyuma ya kadi yake, kwa kalamu nyekundu.