Kijana anayelala nje Mwanjelwa, anavuta unga na anasikia sauti: tuanzie wapi?

MamaUji
Ndugu zangu, ninauza uji alfajiri karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kwa miezi kadhaa sasa yupo kijana wa miaka kama 20 anayelala kwenye baraza la duka lililo jirani na meza yangu, naye anavuta unga, yaani heroini. Siku akiwa mtulivu hunichotea maji na tukaongea kama mama na mwanawe; siku nyingine huziba masikio kwa viganja vyote viwili, akijibizana na mtu nisiyemwona. Nilimpeleka kituo kimoja, wakasema aache unga kwanza ndipo waangalie akili. Kwingine wanakohudumia waraibu wakasema atibiwe akili kwanza. Alilelewa kwenye makao ya watoto hadi alipotimiza miaka 18, na hajui kwao ni wapi. Baridi ya Juni imeingia, na juzi nilimkuta amejifunika mifuko ya saruji.

Muuguzi wa Iringa
Shikamoo mama. Ninahudumia wagonjwa wa akili, na maelezo yako yameniumiza, kwa sababu maradhi haya mawili hutibiwa kwa pamoja. Sauti hizo zinaweza kuwa zimeletwa na bangi au vilevi vingine, na inawezekana pia kwamba zilianza kabla ya unga. Hilo hujulikana kwa kumfuatilia, si kwa kumrudisha mlangoni. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni, tiba ya uraibu wa unga iliyoanza nchini kwetu pale Muhimbili mwaka 2011 na ambayo hutolewa bila malipo. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na huzuia arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapoukosa, lakini haitibu sauti wala haisaidii mwenye uraibu wa bangi au pombe, kwa hiyo bado atahitaji daktari wa akili.

Ninakusihi, mama, kila anakokwenda aonyeshe dawa zote anazotumia. Kabamazepini, ambayo baadhi ya wagonjwa wa akili hupewa, na rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na mgonjwa hupata arosto ilhali hajakosa dozi hata moja. Asichanganye na pombe wala valiamu, kwa maana pumzi inaweza kukatika usingizini. Akikosa dozi siku kadhaa, asirudie kiwango chake cha zamani kabla ya kupimwa upya. Hatari ni ile ile kwa unga: aliyepumzika kisha akavuta kipimo alichokizoea anaweza kufa.

Kaka wa Uyole
Mama, nina mwaka wa nne bila unga. Mara ya kwanza nilishindwa, wala si kwa kukosa dawa. Nilikunywa dozi asubuhi, na usiku nikarudi kulala stendi na wenzangu wale wale, kiberiti kikiwaka pembeni yangu. Nilipona baada ya fundi seremala mmoja kunipa kona ya karakana yake, penye godoro na mlango unaofungwa kwa ndani. Mtafutie pa kulala sasa, hata kama bado anavuta.

Ustawi wa Jamii
Ninaungana na kaka. Huko New York, tangu mwaka 1992, wapo waliopewa vyumba kabla ya kutakiwa kuacha kilevi, na wengi walidumu kwenye vyumba hivyo. Kwetu pengo kubwa ni umri: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na kijana huyu ameshavuka. Muone mwenyekiti wa mtaa akupe barua, kisha umpeleke kwa afisa ustawi wa hospitali kuomba msamaha wa gharama za matibabu ya akili. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure. Ukielekezwa kwenye nyumba ya upataji nafuu (sober house, wanakoishi waraibu wanaoacha), uliza kwanza ada, na kama wanampokea anayetumia methadoni na dawa za akili. Wakisema watamfunga minyororo, ondoka naye.

MamaUji
Nimesoma yote, na Mungu awabariki. Nina stoo ya mkaa, ina bati zima na komeo kwa ndani. Leo nimeufagia mkaa upande mmoja. Nimemwambia aje aione kukiwa bado mchana, akaniuliza kama ataruhusiwa kuacha taa ikiwaka.