Goli la Aziz Ki wa Yanga kule Pretoria: CAF, shirikisho la soka Afrika, walitudhulumu au hapana?

Mwanajangwani: Wakuu, Aprili 5, 2024, Yanga yetu na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa Mkapa hapa Dar ilikuwa 0-0, kule nako 0-0. Kipindi cha pili Aziz Ki anaachia shuti, mpira unagonga mwamba, unadunda chini, unatoka. Mimi naona majani kati ya mpira na mstari. Refa Beida hata kwenye runinga ya kando ya uwanja kutazama marudio hakwenda! Tukatolewa kwa matuta (penalti) 3-2. CAF wanachezeshaje robo fainali bila teknolojia ya mstari wa goli?

Mnyama Damu: Na kwenye matuta nani alikosa? Huyohuyo Aziz Ki. Nyie Yanga, Utopolo, hamkosi sababu.

Filimbi: Sheria ya 10 ya soka inataka mpira wote uvuke mstari wote. Kamera isipokaa sambamba na mstari, picha inadanganya. Halafu kwa suala la mpira kuvuka mstari, refa halazimiki kwenda kwenye runinga. VAR, waamuzi wa video, wanamwambia tu.

Mwanajangwani: Mnyama Damu, wewe Kolo wa Simba, unaongea nini? Siku hiyohiyo Al Ahly ya Misri kawapiga mbili Cairo, baada ya moja hapahapa kwa Mkapa. Tatu bila! Angalau sisi tulidhulumiwa.

Mnyama Damu: Sisi tulifungwa kiume, hatukulialia.

Bi Kariakoo: Kufungwa kiume ndiyo kufungwaje? Mie mwanamke, naenda uwanjani kila wiki, na nililia Yanga ilipotolewa. Kuna ubaya?

Mnyama Damu: Dada, ni namna ya kusema tu.

Bi Kariakoo: Basi tafuta namna nyingine.

Filimbi: Jamani, turudi kwenye mstari. Kumbukeni shuti la Lampard wa Uingereza, Kombe la Dunia 2010, Bloemfontein, Afrika Kusini hiyohiyo. Ujerumani 2, Uingereza 1, mpira umevuka waziwazi, refa kakataa. Kombe la Dunia 2014 teknolojia ikawepo.

Mnyama Damu: Wale walifungwa 4-1 mwisho wa siku. Goli moja lingewasaidia nini?

Mwanajangwani: Ingekuwa 2-2 kabla ya mapumziko! Mechi nyingine kabisa ile. Wewe mpira unautazama au unasimuliwa?

Mnyama Damu: Nautazama tangu hujazaliwa.

Bi Kariakoo: Na usiku ule ulimshangilia Mamelodi, sema kweli.

Mnyama Damu: Nilishangilia, ndiyo. Yanga ikicheza na yeyote, mimi niko na huyo yeyote.

Mwanajangwani: Mnamwona? Halafu anajiita Mtanzania.