Tupeane uzoefu: tairi kipara katikati, pembeni jipya. Ulianza lini kuiamini kona?

Kandambili

Habari za saa hizi wakuu.

Jana nimepeleka pikipiki kubadilisha tairi la nyuma. Fundi kalitoa, kaliviringisha mbele ya vijana wake, kapitisha kidole katikati: kipara kama kiganja. Kidole kikahamia pembeni: kashata zote (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zipo, na vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Akaniuliza, "Kaka, kwenu hakuna kona?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Kicheko nilikimeza, swali ndilo limenikaa. Nina miaka 6 na Boxer 150. Naishi Morogoro, na kila baada ya wiki mbili tatu nakwenda Iringa kwa mzee wangu, kwa hiyo Kitonga (ule mlima wa kona kali njiani) naijua kona kwa kona. Ila naikata nikiwa wima kama mlingoti, gia ya pili, mabega yamepanda hadi masikioni. Juzi Noah imenipigia honi tangu chini mpaka juu. Sehemu zilizonyooka natembea kama wenzangu, kona ikitokea tu nakuwa mwanafunzi upya.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Siku gani ulianza kuiamini kona, na nini kilibadilika? Tairi lako pembeni likoje? Na walioanguka waseme pia, wasituletee ushindi peke yake.

Deiwaka

Mkuu, mimi bodaboda mwaka wa 9, Tanga. Tairi langu lile lile, kipara katikati. Mjini unalaza pikipiki wapi, yaani kuiinamisha kwenye kona hadi tairi likanyagie pembeni? Umenyooka, umesimama, umepita tuta, umenyooka tena. Kona yangu kubwa kwa siku ni kipilefti. Mwambie fundi wako aache dharau.

Ila kuna kitu abiria walinifundisha. Kuna bibi mmoja nilikuwa namchukua kila Jumapili kwenda ibadani, anakaa upande kwa sababu ya kanga, miguu yote kushoto. Kona ya kulia kila nikiilaza, yeye anajivuta kushoto kwa hofu, pikipiki inagoma kuingia, tunapanuka kuelekea ukingo. Nikamwambia, "Bibi, wewe jifanye gunia." Akakasirika wiki nzima, Jumapili iliyofuata akapanda amekaa kimya, amelegea, tukakata kona kama siagi. Hapo ndipo nikajiuliza: na mimi mbona najivuta kushoto nikiwa peke yangu? Nilikuwa nailaza pikipiki kwa mikono huku mwili unaikatalia. Nilivyolegeza viwiko tu, nusu ya woga iliondoka.

Mama Resi

Nimeambiwa walioanguka waseme, haya nasema.

Mbeya, barabara ya Uyole kwenda Tukuyu. Nilikuwa na tairi jipya la nyuma, na nikapitisha pikipiki kuoshwa ili niende harusini inang'aa. Kijana wa kuosha, kwa nia njema kabisa, akapaka ile dawa ya kung'arisha matairi. Hakupaka ubavuni tu, akapaka mpaka panapokanyaga lami. Katikati ikafutika nikiwa bado Uyole, mimi sijui kitu. Kona ya kwanza ya maana niliilaza kidogo, tairi likafika pale pembeni penye mafuta, nikajikuta nimekaa chini natazama pikipiki inatangulia harusini bila mimi. Goti, kiwiko, na gauni. Gauni ndilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo ndugu zangu, tairi jipya lina utelezi wake hata bila dawa. Mimi sasa kilomita 150 za mwanzo naendesha kama nimebeba mayai, nalaza kidogo leo, kidogo zaidi kesho, mpaka ule mng'ao wa kiwandani uishe hadi pembeni. Na ukilaza tairi lililotumika katikati tu kwa mwaka mzima, pale pembeni ni kama tairi jipya vile vile: halijawahi kugusa lami, lina vumbi na grisi za mwaka mzima.

Kandambili

Pole dada. Hiyo ya pembeni kuwa jipya muda wote sikuwahi kuiwaza.

Fundi Kipara

Niongee kama fundi, nimebadilisha matairi tangu enzi za SanLG.

Tairi la pikipiki si la gari. La gari ni bapa, la pikipiki ni mviringo, likilala linakanyagia sehemu nyingine. Ukiendesha umenyooka miezi mingi, katikati inalika, mviringo unakuwa bapa, na pale bapa inapokutana na pembeni panatokea ukingo. Ukianza kulaza, pikipiki inakataa kwanza, halafu ikishavuka ule ukingo inadondoka ghafla. Mwendeshaji anadhani ni woga wake. Wapi! Ni tairi. Mteja wangu mmoja alikuwa anataka kuuza pikipiki kwa sababu "haipendi kona". Nimemfunga tairi jipya, kaondoka, hajaiuza mpaka leo.

Upepo nao. Wengi wanajaza tairi linakuwa gumu kama jiwe ili pancha zipungue. Linakanyaga katikati tu na kona linaruka. Wengine wanaacha limelegea, mabega ya tairi yanalika na pikipiki inayumba. Soma kibandiko cha pikipiki yako, na upime asubuhi tairi likiwa la baridi.

Halafu angalieni umri. Ubavuni kuna tarakimu 4 mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi likikaa dukani juani miaka, kashata zipo lakini mpira umekauka, ukilibinya pembeni unaona nyufa. Hilo kwenye lami yenye mvua ni sabuni. Na kuna vijinundu ndani ya mifereji, pembeni vimeandikwa TWI: kashata ikishuka hadi usawa wake, tairi limekwisha, usinibishie.

Kandambili, kama unataka kujua unalaza kiasi gani, chukua chaki ya shule, chora mstari mnene toka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili. Pita kona zako. Simama uangalie chaki imefutika mpaka wapi. Ni shilingi mia tu.

Nduthi ya Naivasha

Jirani zenu wa Kenya tunasoma. Mimi hupanda barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa vita ya pili ya dunia. Kanisa lao dogo bado liko kando ya barabara. Wanaoijua wanajua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine Bonde la Ufa lote liko wazi chini yako.

Shida yangu ilikuwa bonde. Nikiteremka, macho yanakwenda kwenye chuma cha ukingoni, nasema moyoni nisigonge kile chuma, na nduthi (pikipiki) inakwenda kwa kile chuma. Siku moja niliponea chupuchupu, nikasimama, mikono inatetemeka. Mzee mmoja mwenye pikipiki kubwa akasimama kunisalimia, akacheka, akaniambia, "Kijana, unaangalia kaburi lako halafu unashangaa likikuita." Akaniambia nimfuate, lakini nisimtazame yeye wala taa yake ya nyuma, nitazame pale kona inapotokea, hata kama shingo inauma. Na kila kona inavyofunguka, macho yatangulie tena.

Sikuamini. Nikajaribu. Kona ya tatu nikagundua nimeilaza nduthi bila kuamua kuilaza. Imejilaza yenyewe, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshafika.

Kitu cha pili alichonifundisha kilinichukua mwezi: ukitaka kwenda kushoto, sukuma usukani wa kushoto mbele, taratibu. Ndiyo, unasukuma upande uleule unaotaka kwenda, na pikipiki inaangukia upande huo. Jaribuni kwenye barabara tupu iliyonyooka, mwendo wa 40 hivi, mguso mdogo tu wa kiganja. Sote tunafanya hivyo bila kujua, ila siku kona ikikubana ni bora ujue.

Mwalimu wa Zamu

Naomba ubao dakika moja. Chukua kona ambayo, kama ungeizungusha iwe duara kamili, toka katikati hadi ukingoni ni mita 50. Ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, unahitaji kulala nyuzi 14 hivi toka wima. Kwa 60, karibu nyuzi 30. Kwa 80, nyuzi 45, na hapo Boxer yako kikanyagio kimeshaanza kukwaruza lami na kutoa cheche.

Angalieni kutoka 40 kwenda 60: mwendo umeongezeka nusu, kulala kumezidi mara mbili. Ndiyo maana mtu anasema "nilizidisha kidogo tu". Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Ukishalala, breki ya mbele ya ghafla ama inainua pikipiki ikunyooshe nje ya barabara, ama tairi la mbele linateleza. Ingia taratibu, vuta mafuta kidogo kidogo unapotoka.

Kijana wa Mwanza

Kwa hiyo mwenye tairi jipya pembeni si mwoga? Mimi langu limelika mpaka ukingo wakuu, na picha ninayo 😎

Mama Resi

Mwanangu, limelika mpaka ukingo kwa sababu halina upepo. Nenda kapime.

Mswahili wa Stuttgart

Hahaha, mama kamaliza.

Niko Ujerumani, mzaliwa wa Bagamoyo. Huku ule ukanda usioguswa una jina kabisa, Angststreifen, yaani mstari wa woga. Jumapili zikiwa na jua, barabara ya B500 inayopita juu ya Msitu Mweusi toka Baden-Baden inajaa pikipiki, na kwenye maegesho utaona wanaume wazima wenye mvi wameinama nyuma ya pikipiki za wenzao wanapima mistari ya woga. Nilikamatwa na ugonjwa huo. Nikawa nakata kona ili nifute mstari, siyo ili nifike. Mwenzangu mmoja katika kundi letu aliufuta wa kwake kabisa mwezi Mei, na Juni alikuwa amefungwa bandeji toka bega hadi kiuno. Nikaacha kuangalia.

Ila kuna jambo moja lilinishangaza ambalo nyie mnaweza kulihakiki. Tairi langu huku limelika zaidi upande wa kushoto. Nikamuuliza mwalimu wa mafunzo ya usalama, akasema ni kawaida: huku tunatembelea kulia, kona ya kushoto tunaipita kwa upande wa nje, ni pana zaidi na unaona mbali, kwa hiyo unathubutu. Kona ya kulia inakubana kwenye ukingo, unajikunyata. Vipilefti navyo huku vinazungukwa kwa kulala kushoto. Kwa hesabu hiyo, nyie mnaotembelea kushoto, tairi zenu zinatakiwa zilike zaidi kulia. Chungulieni.

Hata mabingwa wana upande wao. Uwanja wa mbio za pikipiki wa Sachsenring huku una kona 13, na 10 kati ya hizo ni za kushoto. Upande wa kulia wa tairi unakaa muda mrefu bila kugusa lami, unapoa, halafu inakuja kona ya 11, ya kulia, kwenye mteremko, mwendo mkali. Imevuna watu wengi pale, na hao ni watu wanaolala zaidi ya nyuzi 60. Sembuse mimi na mstari wangu.

Deiwaka

Nimetoka kuchungulia. Kulia kumelika zaidi. Duh!

Binti Usambara

Mombo hadi Lushoto, kila siku ya soko, na viazi nyuma. Mimi sijui nyuzi wala chaki. Najua kwamba kona za kushoto nje ya Soni asubuhi zina maji yanayovuja mlimani na majani yaliyooza, kwa hiyo hapo silali hata kama tairi limetoka kiwandani leo. Napiga honi, nakaa upande wangu, simkati mtu. Kona za juani nazilaza nitakavyo. Mkiniuliza ujasiri niliupata lini, nadhani niliupata nilipoacha kuwa na ujasiri wa aina moja kwa kona zote.

Kandambili

Wakuu nimerudi na matokeo.

Nimeondoka na tairi jipya, nikalitembeza wiki mbili taratibu kama Mama Resi alivyoelekeza. Jumamosi nikasimama Ruaha Mbuyuni, nikainama nyuma ya pikipiki na chaki. Wauza vitunguu wakanizunguka. Mama mmoja akaniuliza nimepewa na mganga wa wapi. Nikamwambia ni mganga wa matairi, akasogea hatua mbili nyuma.

Nikapanda Kitonga. Viwiko vimelegea, macho pale kona inapotokea, mwendo nimeumaliza kabla. Sikwenda kasi, nadhani nilikuwa kwenye 35 kwa kona nyingi, na mbili nilikuta dizeli imemwagika nikapita wima kama zamani, kwa amani kabisa. Lakini kuna moja, imezunguka vizuri, kavu, naiona hadi mwisho, hakuna lori. Niliilaza. Sikuhisi kwamba naanguka. Nilihisi pikipiki imekaa mahali pake, imetulia kuliko inavyotulia kwenye barabara iliyonyooka. Nilipiga kelele ndani ya helmeti, sioni aibu kusema.

Nimefika Ilula, nimeshuka hata funguo sijachomoa, nikaangalia chaki. Kulia imebaki upana wa kidole kidogo. Kushoto, vidole viwili kamili. Stuttgart, uko sahihi. Sasa naomba wenye uzoefu wa kona za kushoto waje, kwa sababu kesho nateremka.

Deiwaka

Tunakuja mkuu. Kabla hatujafika, kitunguu Mbuyuni gunia shilingi ngapi?