Eabegi ya pikipiki: tatizo ni gharama tu?

Mzee wa Gia:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Gari lina bati, lina mkanda, na bado limewekewa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga. Sisi wa magurudumu mawili tusio na bati wala mkanda, mbona hatuna? Honda waliiweka kwenye pikipiki yao ya Gold Wing mwaka 2006, ila sioni wengine wakifuata. Ni gharama tu?

Spana 10:
Gharama ipo, lakini si hiyo tu mkuu. Kwenye gari mkanda unakushika, kwa hiyo eabegi inajua itakukuta wapi. Kwenye pikipiki utapaa mbele, utabinjuka, au pikipiki italala na wewe uburuzwe kivyako. Ile ya Gold Wing inafumukia mbele ya dereva, na sensa zake ziko kwenye shokapu za mbele. Ukigonga gari kwa mbele, inakupunguzia kasi ya kurushwa. Ukiteleza kwenye kona, haina habari na wewe. Halafu Gold Wing ni dude. Kwenye pikipiki ndogo ungeuficha wapi mfuko wote ule?

Ndiyo maana wabunifu wengi wamehamia kwenye kizibao chenye eabegi ndani. Mfuko unakwenda na mtu.

Mzee wa Gia:
Sasa kizibao kinajuaje kuwa nimeanguka?

Spana 10:
Changu ni cha kamba. Ncha moja imefungwa kwenye pikipiki karibu na kiti, nyingine naipachika kifuani. Ukirushwa, kamba inafyatua kifaa, kopo la gesi ya kaboni dioksidi linatobolewa, mfuko unajaa kuzunguka shingo, mgongo na kifua. Niliwahi kukifyatua makusudi: mlio mkali, shingo inakazwa usiweze kugeuka, na kopo ukiligusa ni baridi kama barafu. Baadaye hewa inatoka taratibu, unafunga kopo jipya. Ukishuka ukasahau kuchomoa kamba, inakuvuta tu kama mtoto aliyeona pipi. Kuifyatua kunataka nguvu hasa.

Ubaya wake, lazima kwanza utengane na pikipiki. Ukigonga gari lililo mbele yako, unaweza kulifikia kabla kamba haijakaza.

Koti Jeusi:
Hapo ndipo vya elektroniki vinaposhinda. Vina sensa za mwendo na jiroskopu (sensa ya kupima unavyogeuka na kulala), havisubiri kamba. Kwenye MotoGP, zile mbio za pikipiki za dunia, ni lazima tangu 2018. Ila kazi ngumu ni kuifundisha programu isifyatuke kwenye tuta au shimo. Na anguko la mbio si la barabarani: kwenye mbio hakuna anayekugonga ubavuni ukiwa umesimama kwenye taa.

Spana 10:
Kweli, lakini kamba haichajiwi. Chaji ikiisha, hicho chako ni koti zito tu.

@Mzee wa Gia, ukinunua, koti la juu liwe na nafasi, la sivyo mfuko ukijaa utakubana mbavu. Na miguu hakiilindi hata kidogo, buti na magoti ni juu yako. Kabla hujalipa, uliza kopo la kubadilishia linapatikana wapi.